Maili 444 kwa baiskeli, na nyumba ya mama Ujiji

Tangu nirudi watu wananiuliza. Kwenye grupu la watu wa Kigoma wananiuliza, inboksi wananiuliza, mpaka msibani jumamosi iliyopita dada mmoja kanivuta pembeni eti ivi ni kweli umeendesha baiskeli kutoka Mississippi mpaka hapa Nashville, na wamekulipa shingapi? Hawajanilipa dada yangu, mimi ndo nilikuwa nachangisha. Basi naandika yote hapa mara moja, ni ndefu kidogo ila nimekaa nayo moyoni siku nyingi na sitaki kuifupisha.

Safari yenyewe ni ya shirika la Fuller Center for Housing. Wana kitu wanakiita Bicycle Adventure, kilianza 2008, watu wanaendesha masafa marefu kwa kundi na kila mmoja anachangisha hela za kujenga na kukarabati nyumba za watu wenye kipato kidogo. Zipo zile safari kubwa za kuvuka Marekani nzima, hizo ni wiki nyingi na mimi likizo ya hivyo sina. Nilienda ile ya barabara ya Natchez Trace, inaanzia mji wa Natchez kule Mississippi, inakata kona ya Alabama, inakuja kuishia hapa karibu na Nashville ninapoishi. Maili 444, kama kilomita 715 hivi, yani zaidi ya Dar mpaka Arusha.

Aliyeniingiza ni mama mmoja mzungu tunafanya nae zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, ana miaka 61 na kwenye baiskeli anawaacha vijana. Usiku mmoja wakati wa mapumziko ananionyesha picha za nyumba mpya ndogo nzuri, nikamuuliza hizi mnawapa bure? Akasema hapana, wanakopeshwa, wanalipa kidogo kidogo, ila hatuweki riba na hatuweki faida. Nikamwambia hebu rudia hapo. Akarudia. Nikamwambia mimi muislamu, hilo neno riba nimelelewa kuliogopa. Nae akafungua biblia kwenye simu, Kutoka 22:25, ukimkopesha maskini usimtoze riba. Tukakaa tunaangaliana na chai zetu mkononi, na nadhani kuanzia dakika ile nilikuwa nimeshakubali hata kabla hajaniambia kuna baiskeli.

Mnaonijua mnaijua nyumba ya mama pale Ujiji. Baba alifariki mimi niko la tatu, mama akawa anauza dagaa na mawese sokoni, tunahama chumba hadi chumba, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na ukifika mwezi wa tano mama anakosa usingizi. Akajikaza akanunua kiwanja, hicho kiwanja tu kilimla miaka. Alafu mnajua tunavyojenga kwetu, leo tofali hamsini, baada ya miezi miwili mifuko miwili ya saruji, msingi unakaa masika matatu yanapita juu yake majani yanaota ndani, ukifika kwenye lenta hela inakata, pagale linasimama linakuangalia. Tulihamia haina madirisha, tumeziba kwa maturubai, na upande wa jikoni tulipaua kwa bati za mtumba zenye matundu ya misumari ya zamani. Mvua ikinyesha usiku mama anaamka anapanga ndoo na masufuria. Sisi watoto tulikuwa tunajua kila tone linaangukia wapi, mikeka tulikuwa tunaitandika kwa kufuata matone.

Ndo mama akakopa ili amalizie zile bati. Laki tano, kwa watu wa hii mikopo ya kausha damu. Rejesho kila wiki, ukichelewa siku moja wanapandisha, na siku biashara ya dagaa ilipolala wakaja wakabeba kabati, godoro na friji ndogo aliyokuwa anagandishia barafu za kuuza. Nilikuwepo, nilikuwa nimevaa yunifomu ya shule. Lile deni lilikuja kuisha mimi niko huku natuma hela. Mama yangu hajawahi kuwa mvivu hata siku moja ya maisha yake, alichokosa ni hela ya mkupuo mmoja kutoka kwa mtu anayemuona yeye kama binadamu. Kwaiyo mtu akiniambia kuna sehemu unapewa nyumba kwa bei ya gharama yake, unafanya kazi kwa mikono yako pamoja na watu wa kujitolea, unarudisha bila riba, alafu kile unachorudisha kinaenda kumjengea mwingine, mimi hiyo siwezi kuisikia nikakaa kimya.

Nikaweka lengo la dola 1,000. Sisi watanzania kuchanga tunajua, harusi tunachanga, msiba tunachanga, nikasema safari hii naomba mnichangie maili, dola mbili kila maili, ukiweza senti hamsini. Kaka mmoja akaniuliza kwenye grupu kwanini unawachangia wamarekani wakati kwetu watu wanalala kwenye mapagale. Ni swali la haki na lilinikosesha raha siku mbili. Nilimjibu kwamba hawa wanajenga na kwingine, Nepal, Armenia, Nicaragua, na kwamba mimi naishi hapa, jirani yangu ni wa hapa. Jibu zuri zaidi nililipata njiani, nitalifikia. Mjomba wangu wa Kasulu, ambaye ujana wake wote alisukuma madumu ya mawese kwenye baiskeli ya Phoenix, akanitumia elfu ishirini kwa simu na ujumbe mfupi, "angalia mnyororo usikauke." Alafu mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjomba wako ananiambia unaenda kuendesha baiskeli siku nane. Huko mabasi yameisha?"

"Yapo mama. Tunachangisha nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Ya watu hata siwajui."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Uvae hijabu nyepesi, na usiache kula."

Tulifika Natchez jioni ya kabla ya kuanza. Wenzangu walienda kuuangalia mto Mississippi, mimi nilimuomba yule mama anipeleke kwanza sehemu inaitwa Forks of the Road. Ni uwanja wa kawaida tu pembeni ya barabara, nyasi, vibao vya maelezo, na chini pale kuna minyororo imejengewa kwenye zege. Hapo ndipo palikuwa soko la watumwa, kwa majimbo haya ya kusini kabisa lilikuwa la pili kwa ukubwa baada ya New Orleans. Watu walikuwa wanatembezwa kwa miguu wakiwa wamefungwa kutoka mbali kabisa, Virginia na Maryland, na wengine walipitishwa kwenye hiyo hiyo Trace tunayoenda kuendesha kwa raha zetu. Mimi ni Mmanyema wa Ujiji. Asili yetu ni ng'ambo ya ziwa, tulivuka na misafara, wengine kwa hiari yao na wengine wakiwa mali ya mtu, na njia ya kutoka kwetu ilikuwa inaenda mpaka Bagamoyo kwa miguu hivyo hivyo. Niliinama nikaugusa ule mnyororo. Ulikuwa wa moto, jua lilikuwa limeupiga mchana kutwa. Yule mama alisimama pembeni hakusema neno, na namshukuru kwa hilo.

Asubuhi tukaanza, watu kama ishirini. Kila siku inaanza kwa duara, mtu anaomba, tunasomewa njia ya siku hiyo na nani anakaa nyuma kabisa kuhakikisha hakuna anayeachwa. Gari la kusindikiza lina trela, limebeba mabegi, magodoro ya upepo, maji, ndizi na siagi ya karanga, kila baada ya maili ishirini hivi unalikuta limesimama. Usiku tunalala kwenye kumbi za makanisa, wanawake chumba chao wanaume chao. Swala nilikuwa napunguza na kukusanya kama msafiri, natandika kanga yangu kwenye kona, hakuna aliyenisumbua hata mara moja. Siku ya nne kwenye duara wakaniomba nifungue mimi. Nikasoma Alfatiha taratibu, aya kwa aya, nikawaelezea maana yake, watu wazima wale wenye nywele nyeupe wakaitikia amina kwa pamoja. Hiyo nitakufa nayo.

Barabara yenyewe nikwambie ukweli sijawahi kuona kama ile. Malori ya biashara yamepigwa marufuku, hakuna maduka, hakuna mabango ya matangazo, spidi mwisho maili hamsini, ni miti na lami tu na vijiwe vya maili pembeni, unaanza na sifuri Natchez vinapanda moja moja mpaka mwisho. Zamani ilikuwa njia ya wahindi wekundu wa huku, Wanatchez, Wachoctaw na Wachickasaw, alafu wakaja wafanyabiashara wa mtoni. Walikuwa wanateremsha bidhaa kwa mashua za mbao kufuata mkondo wa mto, na kwa kuwa mto haupandiki, wakifika chini wanauza mzigo, wanauza na mashua yenyewe kama mbao, wanarudi kwao kaskazini kwa miguu kwenye hii njia. Nilipoisikia hiyo nilicheka mwenyewe juu ya baiskeli, maana hao ni wapagazi wa kwetu kabisa, wametofautiana lugha tu.

Kwenye maili 122 kuna kinamasi, maji ya kijani yametulia kama sahani, na miti mikubwa imesimama ndani ya maji yenyewe. Tulishuka tukatembea kwenye daraja la mbao, hakuna aliyeongea.

Pancha yangu ya kwanza ilikuwa mbele kidogo ya hapo. Wenzangu huku wakipata pancha wanatoa tyubu wanaweka mpya, basi. Mimi nikawaambia subirini, nikaichovya tyubu kwenye dimbwi la pembeni kama mafundi wa kwetu wanavyochovya kwenye beseni, tukaona mapovu membamba yanapanda mstari mmoja, nikaweka alama kwa kucha. Kisha nikapitisha kidole ndani ya tairi taratibu sehemu ileile, nikakuta waya mwembamba kama unywele, ule unaotoka kwenye matairi ya magari yaliyopasuka. Ukiweka tyubu mpya bila kuutoa ule waya unapata pancha nyingine ndani ya dakika kumi. Tangu hapo kila pancha ya kundi nilikuwa naitwa mimi, na nilikuwa naenda kwa moyo wote.

Chakula cha Mississippi nacho. Wana kambale, wanafuga kabisa kwenye mabwawa, wanapaka unga wa mahindi wanakaanga, nikala mpaka nikamkumbuka bibi. Kwenye kanisa moja la watu weusi mama mmoja mnene aliyefunga aproni alikuja mezani kwangu moja kwa moja, akaniambia mwanangu hayo majani ya kwenye sufuria kubwa yamepikwa na nguruwe, ya kwako haya hapa, nimekupikia pembeni. Alikuwa ameambiwa mapema kuna mtu asiyekula nguruwe. Bakuli moja la majani kama sukuma wiki, kalifunika na kitambaa kisafi, ndani kaweka vitunguu na pilipili. Nilishindwa kujizuia, nilimkumbatia na aproni yake.

Usiku ule ndipo nilipolipata lile jibu la yule kaka wa kwenye grupu. Mzee anayeendesha gari letu alitusimulia habari za Millard Fuller. Huyu bwana alizaliwa Alabama 1935, alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara, kabla hajafika miaka thelathini alikuwa milionea, na ndoa yake ilikuwa inavunjika. Yeye na mkewe Linda wakaamua kugawa mali na kuanza upya. Wakaangukia shamba moja linaitwa Koinonia, karibu na mji wa Americus kule Georgia, mahali ambapo weusi na weupe walikuwa wanaishi na kulima pamoja tangu 1942, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kunaweza kukuletea risasi na bomu, na kweli viliwafikia. Pale Koinonia, yeye na mwanzilishi wa shamba Clarence Jordan wakaanza kuwajengea nyumba familia maskini za vijijini zilizokuwa zinaishi kwenye vibanda, bila faida bila riba, kila anachorudisha mtu kinaingia kwenye mfuko wa kumjengea mwingine.

Alafu mzee akasema, "Baadae wakaenda Afrika kulijaribu." Nikauliza wapi. Akasema Zaire, Mbandaka.

Nikaweka kikombe chini. Kwetu Ujiji ukisimama ufukweni siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo kwa macho. Najua Mbandaka ni mbali sana na pale, ni kwenye mto Kongo huko wanakoongea Kilingala, ila ni Kongo. Fuller na mkewe na watoto waliishi Mbandaka kuanzia 1973 mpaka 1976, wakafyatua tofali za saruji, wakajenga pamoja na wenyeji kwa mkopo ule ule wa bila riba, na waliporudi Georgia 1976 ndipo wakaanzisha Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba ambalo leo dunia nzima inalijua. Fuller Center wakaianzisha baadae, 2005. Yani kabla ya umaarufu wote, kabla rais mstaafu wa Marekani, Carter, hajashika nyundo kujenga nao 1984, wakongomani wa Mbandaka walikuwa wameshalifanyia jambo hili kazi kwa mikono yao. Kwaiyo kaka yangu, sikuwa nawachangia wamarekani kitu kigeni. Hata hiyo namna ya kujenga, jirani na jirani, huyu anashika mbao yule anapigilia, si ndo msaragambo wetu, si ndo salongo ya ng'ambo?

Siku ya kazi ilikuwa kwenye mji mdogo, jina lake sitaliandika kwa heshima ya mwenye nyumba. Ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, nyumba ya mbao aliyojengewa na marehemu mumewe. Tunaingia tu ukumbini nikaziona. Ndoo tatu. Moja mlangoni pa jikoni, moja katikati ya korido, moja juu ya kiti. Na mazulia yamekunjwa kwa namna ambayo mtu mwingine asingeelewa ila mimi nilielewa palepale, yalikuwa yanakwepa matone.

Tuligawana. Wengine walijenga njia ya mteremko mlangoni maana bibi anatumia kigari cha kutembelea, mimi niliomba niende juu. Tulibandua ile ngozi ya zamani ya paa upande wa jikoni, chini mbao zimeoza unaweza kuzitoboa na kidole, tukazitoa, tukaweka mpya, tukatandika karatasi nzito nyeusi, juu yake vile vigae vya lami wanavyotumia huku, unaanzia chini unapanda, kila safu inailalia iliyo chini yake ili maji yasipate pa kuingilia. Fundi wetu alinifundisha msumari mmoja tu, baada ya hapo akaniachia safu nzima. Nilikuwa napigilia huku nalia, na jasho lilikuwa jingi kwaiyo hakuna aliyejua.

Jioni bibi aliniita kwenye kiti chake akaniuliza ninatoka wapi, nikamwambia, nikamwambia na habari za ndoo za mama. Hakushangaa hata kidogo. Akanionyesha bahasha amekwishaiandalia, kwa ukarabati mdogo kama huu hawabanani na mikataba, mtu anaombwa arudishe gharama kadri anavyoweza ili iende kwa mwingine, na yeye alikuwa ameshaweka dola kumi na tano za mwanzo, noti zimenyooshwa vizuri. Akasema sitaki mtu anionee huruma, nataka niwe kwenye mstari wa watu waliosaidia. Akaniandikia namba yake ya simu kiganjani.

Tennessee milima ilitunyoosha. Alabama ni fupi, ukishavuka ule mto wao mpana pale Colbert Ferry kwa daraja refu unaanza kupanda na kushuka, na siku mbili za mwisho mvua ilitunyeshea hasa. Miguu ilikuwa inauma kuanzia kwenye nyonga. Nilikuwa naangalia vijiwe tu, 385, 400, 420. Kwenye 438 kuna lile daraja la matao mawili lililomalizika 1994, liko juu ya bonde, upepo unakusukuma pembeni, nikajibana kwenye usukani nikapita nikitaja jina la Mungu. Kwenye 444 tulisubiriana wote, aliyekuwa nyuma kabisa akafika, ndipo tukavuka kwa pamoja. Michango yangu ilifika dola 1,140. Elfu ishirini ya mjomba imo humo ndani.

Nyumbani nilioga, nikaswali, nikalala masaa kumi na moja, alafu nikampigia mama. Nikamsimulia yote, mnyororo wa Natchez, majani ya yule mama wa aproni, Mbandaka. Nilipofika kwenye habari ya bibi na ndoo tatu akanikatisha.

"Mvua imeshanyesha tangu mmalize?"

"Imenyesha juzi mama, kubwa kweli. Nilimpigia simu."

"Anasemaje?"

"Anasema alizipanga ndoo kwa mazoea, akakaa usiku kucha anasikiliza. Asubuhi zilikuwa kavu."

Mama hakujibu upesi. Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Zote tatu?"

"Zote tatu mama."